Bibi na Babu Ugenini: Mwongozo kwa Wazee Tuliotoka Nyarugusu Tunaosaidia Kulea Vijana Marekani

Mwaka wangu wa pili hapa Marekani tumbo lilinishika, nikapelekwa hospitali. Mjukuu wangu, mtoto wa miaka 11, ndiye aliyewekwa katikati yangu na daktari. Daktari alisema maneno marefu. Mtoto akanyamaza, akawa anaangalia viatu vyake. Nikamwambia, "Sema, mama." Akasema, "Bibi, wameona kitu tumboni. Wanataka kukikata wajue kama ni kibaya." Kitu chenyewe hakikuwa kibaya, Mungu ashukuriwe. Ila yule mtoto kwa miezi mingi alikuwa anaamka usiku wa manane, anasogea mlangoni kwangu kusikiliza kama bado napumua.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya mikesha yake ile.

Nawaandikia wazee wenzangu tuliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi, Baraka na Uvira kule Kongo vita vilipoanza 1996, au baada ya hapo, tukafikia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, Tanzania, tukakaa huko miaka kumi, wengine ishirini. Kisha kuanzia 2015 majina ya Wakongo wa kuhamishiwa Marekani yakawa yanabandikwa ubaoni kwa wingi, tukasambazwa Kentucky, Texas, Iowa, Idaho na kwingineko. Warundi waliokimbia 1972 na wengine waliopitia kambi nyingine watachukua kinachowafaa.

Kambini mzee alikuwa mzee. Hatukuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali, na mgao ulikuwa unga na mbaazi za njano. Lakini ndoa ikitikisika tuliitwa, mtoto akizaliwa tuliombwa jina, mtu akifa tulikaa mbele. Tulipofika hapa, ndani ya wiki moja mkubwa wa nyumba akawa yule anayejua kusoma namba za basi, na huyo alikuwa na miaka 12. Wengi wetu tunalia kwamba Kiingereza ndicho kilichotunyang'anya sauti. Mimi sikubali. Sauti tuliipoteza pale tulipowatwika watoto mizigo yetu, kisha jioni tukataka watuheshimu kama zamani. Ndiyo maana hatua hizi nimezipanga hivi: kwanza kumtua mtoto mzigo, halafu ndipo kumfundisha.

Hatua ya 1: Mtoe mtoto kwenye ukalimani

Hospitali au kliniki yoyote inayopokea fedha za serikali kuu, na karibu zote zinapokea, inapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Raia ya 1964. Sheria ya afya ya 2010 na kanuni zake zimeongeza jambo ambalo laiti ningelijua siku ile: mtoto mdogo hatumiwi kama mkalimani, isipokuwa pawe na dharura na mkalimani asipatikane kwa wakati huo. Shule, mahakama na ofisi za sosho, yaani za misaada ya serikali, nazo zina wajibu wa kukuelewesha kwa lugha yako.

Kwa hiyo kariri sentensi moja ya Kiingereza, hata kama hutajua nyingine: "Swahili interpreter, please." Iseme siku unayopanga miadi, usisubiri siku ya kufika, maana wengine wanahitaji muda wa kumtafuta mtu. Ukifika, iseme tena dirishani. Wakikwambia mjukuu wako anatosha, tikisa kichwa na uirudie. Huna haja ya kugombana. Rudia tu, polepole, huku umekaa.

Mkalimani wa simu mara nyingi ni mtu wa Kenya au Tanzania. Sisi tunasema tansiyo, yeye anasema presha. Usipomwelewa, mwambie arudie kwa maneno mengine, na usione aibu. Kama lugha inayokuingia moyoni ni Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge, sema mapema. Kibembe ni kigumu kupata, lakini kuomba si kosa. Na kama hakuna njia ila ndugu asimame, basi awe mtu mzima.

Sisemi mtoto asitafsiri kitu kabisa. Kusoma bei dukani, kumuuliza dereva wa basi, kuangalia kama kopo lina nyama ya nguruwe, hayo ni msaada wa kawaida na mtoto anafurahi kuyafanya. Mambo ya kumkinga nayo ni ugonjwa, madeni, polisi, ugomvi na mwenye nyumba, na maneno ya ndani ya ndoa ya wazazi wake. Pia mkutano wake mwenyewe na mwalimu. Mtoto akikutafsiria mkutano huo, utasikia kile tu anachotaka usikie, nawe utarudi nyumbani ukimsifu.

Barua nazo zina utaratibu wake. Tafuta sanduku, hata la viatu. Kila bahasha iingie humo bila mtoto kuombwa kuisoma. Siku moja kwa wiki, mtu mzima anayejua Kiingereza, au kesiwoka (mfanyakazi wa shirika lililowapokea) kama bado mnaye, au mtu wa kanisani mnayemwamini, anakaa na wewe mnazifungua zote. Bahasha yenye maandishi mekundu au yenye neno la mahakama isisubiri siku hiyo.

Halafu muombe mtoto radhi kwa yaliyopita. Najua kwetu mzee hamwombi mtoto radhi. Mimi nilimwomba wangu jikoni, tukichambua sombe. Hakusema kitu, ila usiku ule hakuja mlangoni.

Hatua ya 2: Ingia shuleni kwa miguu yako

Nyarugusu watoto wetu walisoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Hapa wanapangwa darasa kwa kuangalia umri. Kijana wa miaka 16 aliyeishia madarasa ya kati kambini anajikuta na wenzake wa umri wake, wanasoma aljebra kwa lugha asiyoijua, na ili amalize lazima akusanye idadi fulani ya masomo aliyofaulu. Shule ya serikali ina umri wa mwisho, na katika majimbo mengi ni miaka 20 au 21. Kijana anaweza kuzeeka shuleni kabla hajamaliza, akatolewa mikono mitupu.

Kama mlibeba bulletini za kambini, yaani ripoti za shule, msiziache kwenye ule mfuko wa safari wa IOM, shirika la uhamiaji lililotusafirisha. Zipelekeni shuleni, mwombe zitafsiriwe na masomo aliyofaulu yahesabiwe. Kifaransa alichosoma kinaweza kuhesabiwa kama lugha ya kigeni. Kisha uliza maswali mawili na usitoke mpaka yajibiwe: amebakiza masomo mangapi, na kwa mwendo huu atamaliza akiwa na umri gani? Wazazi wengi wanashinda kiwandani, wengine wanafanya zamu ya usiku. Mzee ndiye mwenye mchana. Wazazi wakiandika shuleni kwamba babu au bibi anaruhusiwa kufuatilia habari za mtoto, utapokelewa.

Vaa vizuri siku hiyo. Mtoto atakuonea haya kidogo akikuona na kitenge chako kwenye korido. Nenda tu.

Hatua ya 3: Hesabu miaka ya karatasi

Hapa ndipo wazee wanaweza kuokoa au kupoteza kitu kikubwa, na ndipo uvumi ulipojaa. Naenda taratibu.

Aliyeingia kama mkimbizi anaomba grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, baada ya kukaa mwaka mmoja. Ikitoka, tarehe ya ukaazi wake inarudishwa nyuma mpaka siku aliyotua nchini. Kwa hiyo miaka 5 ya kuomba uraia inahesabiwa tangu uwanja wa ndege, na fomu yake, N-400, inaweza kutumwa hadi siku 90 kabla miaka hiyo haijatimia.

Sasa upande wa mtoto. Kwa sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi, anayeishi hapa na mzazi wake mwenye haki ya kumlea kisheria, anakuwa raia pale mzazi huyo anapokuwa raia. Hafanyi mtihani wala haapi. Fikiria mtoto aliyefika akiwa na miaka 10: mzazi akitimiza miaka 5, mtoto ana 15, na familia ina miaka mitatu ya kufanikisha jambo hili. Aliyefika na miaka 12 na nusu, muda uliobaki ni miezi, na maombi yenyewe hukaa ofisini. Aliyefika na miaka 14 hatafikiwa; ataomba mwenyewe akishafika miaka 18 na kutimiza miaka yake 5.

Chukua daftari. Andika kila mtoto wa ukoo: tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye karatasi zake za Marekani, tarehe ya kutua, tarehe atakayotimiza 18, na tarehe ambayo mzazi wake anaweza kutuma fomu. Nasema tarehe iliyo kwenye karatasi, kwa sababu wengi wetu kambini tuliandikwa tumezaliwa tarehe 1 Januari, na kwa hesabu hii hiyo ndiyo inayosimama, hata kama mama mtu anakumbuka ilikuwa msimu wa mahindi. Bandika ukurasa huo jikoni.

Uvumi wa kwanza: "Mzee hafanyi Kiingereza." Kwenye mtihani wa uraia, ni kweli kwa mwenye miaka 50 aliyekaa na grini kadi miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa nayo miaka 15. Mtu aliyetua 2016 atatimiza miaka 15 mwaka 2031. Mzazi wa miaka 52 akikaa kusubiri hadi hapo, mtoto aliyekuja naye akiwa na miaka 9 atakuwa na 24. Na mzee wa miaka 65 na zaidi anayepokea SSI (fedha za serikali za kila mwezi kwa wazee na walemavu wasio na kipato) kama mkimbizi anajua, au ajue leo, kwamba msaada huo una kikomo cha miaka 7 kama hajawa raia. Kusubiri kuna gharama pande zote mbili.

Uvumi wa pili: "Kuna fomu ya daktari, unalipa, unapita." Fomu ipo, inaitwa N-648, na ni ya mtu ambaye ugonjwa au ulemavu unamzuia kujifunza. Kuna wazee wetu wanaoistahili kabisa: wenye kiharusi, wenye kusahau, na wale ambao vita vimewaachia akili isiyotulia. Aijaze daktari anayekufahamu kwa kweli. Mtu anayekuuzia fomu hiyo sebuleni kwake anaweza kuharibu kesi yako yote.

Uvumi wa tatu unaniuma zaidi, kwa sababu tunalea yatima wengi. Uraia wa bibi haumpi mjukuu uraia. Mtoto unayemlea, ambaye wazazi wake walifariki au wamebaki, atajiombea mwenyewe akishafika 18 na kutimiza miaka yake 5. Mwekee karatasi zake zote kwenye bahasha moja tangu sasa.

Kama kwenye kesi yenu kuna mtoto wa ndugu aliyeandikwa kama wa kuzaa, au jina lililobadilika kati ya kambi na uwanja wa ndege, au mtu amewahi kukamatwa na polisi hata kwa jambo dogo, usitume fomu yoyote kabla ya kuongea na mwanasheria, au mtu wa shirika aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kushughulikia mambo ya uhamiaji. Mwambie ukweli wote. Sheria hizi hubadilika, na yeye ndiye atakayejua zilipofika.

Na mtihani? Kwa fomu zilizotumwa kuanzia 20 Oktoba 2025, maswali ya kujifunza ni 128, unaulizwa hadi 20, unatakiwa kupata 12. Hapa ndipo mjukuu apewe kazi. Mwache awe mwalimu wako, akuulize rais wa kwanza alikuwa nani huku wewe unasonga ugali. Kazi hii haimwelemei kama ile ya hospitali. Anakuona mtu mzima akihangaika na kitu kigumu bila kukata tamaa, na siku akikwama kwenye hesabu zake atakumbuka.

Hatua ya 4: Shika lugha, lakini kwa saa

Utazungumza Kiswahili, watakujibu Kiingereza. Usiache kuzungumza. Mtoto anayesikia kila siku, hata kama hajibu, lugha imo ndani yake inasubiri.

Kilichoshindikana kwangu ni amri ya "humu ndani ni Kiswahili tu". Watoto walinyamaza, wakahamia vyumbani na simu zao. Kilichofaa ni saa moja, ile ya kupika na kula. Kwenye saa hiyo mambo yote ni ya kwetu: "Kitendawili?" "Tega!" Anayeshindwa anatoa mji. Mwanzoni nilikuwa nikipewa New York kila siku, siku hizi wananipa Kalemie. Wape pia kazi inayotaka lugha, kwa mfano kurekodi ujumbe wa sauti kwa binamu yao aliye Nyarugusu. Binamu hajui Kiingereza, na atawacheka wakikosea, na kucheka huko kunafundisha kuliko mimi.

Mkubwa mwambie faida ya wazi. Shule za sekondari katika majimbo mengi hutoa tuzo kwenye cheti kwa mwanafunzi anayemudu Kiingereza na lugha nyingine. Mwambie aulize kama Kiswahili kinapimwa. Na akishafika 18, akisomea ukalimani, zile kliniki zilizotaka kumtumia bure akiwa mtoto zitamlipa.

Hatua ya 5: Simulia tulikotoka, kwa mpangilio

Waliozaliwa kambini wanaijua Nyarugusu, hawaijui Fizi. Waliozaliwa hapa hawajui kote kuwili. Wote wanajua kwamba kuna kitu, kwa sababu wanatuona tukishtuka usiku wa fataki za tarehe 4 Julai.

Kosa letu kubwa ni kuanza na vita. Ukianza na vita, nchi yako yote inakuwa mahali pa kukimbiwa, na mtoto ataona aibu kutoka huko. Anza na ziwa. Waambie jinsi wavuvi walivyotoka usiku na taa, na ukisimama ufukweni Baraka ziwa lilionekana kama mji. Waambie mikeke, wale samaki wa ziwani, ilichomwaje, nani alikuwa mchoyo kijijini, nani aliimba vizuri, ulipigwa na mama yako kwa kosa gani. Mwaga maharage mezani upange ramani: huku Uvira, hapa Baraka, hapa Fizi, ng'ambo Kigoma, mstari wa chumvi ni njia ya mtumbwi. Mtoto wa miaka saba anaweza kukaa na ramani hiyo jioni nzima.

Akifika miaka kumi na zaidi, mwambie tulikimbia na kwa nini, kwa maneno machache, bila damu. Mweleze pia kwamba wewe si wa kwanza: mimi baba yangu alikimbia 1964, nami nikakimbia 1996, na katikati watu walirudi, wakajenga, wakaoa. Akifika 15 au 16, mambo mazito yasubiri swali lake. Akiuliza, jibu kile alichouliza, kisha nyamaza uone kama anataka zaidi. Usifanye hivyo wakati wa kulala. Na zile video za mauaji zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zifute kabla simu haijaingia mikononi mwa mtoto.

Kuna sentensi moja naomba tuizike: "Sisi tuliteseka, wewe unalalamikia nini?" Nimeisema mimi, umeisema wewe. Mtoto akisikia hivyo mara tatu, ataacha kukwambia kwamba shuleni wanamcheka, kwamba hana rafiki, kwamba usiku anafikiria kufa. Mateso yetu yasiwe fimbo.

Na chuki nayo. Hili nalisema kwa hofu lakini nalisema. Katika miji hii tunaishi Babembe, Bafuliiru, Bavira, Banyamulenge, wakati mwingine ngazi moja ya apatimenti. Wapo kati yetu wanaolia kwa sababu ya mauaji ya Makobola, mwishoni mwa Desemba 1998. Wapo wanaolia kwa sababu ya mauaji ya Gatumba, tarehe 13 Agosti 2004. Kila mmoja ana makaburi yake, na sitamwambia mtu yeyote asiwalilie watu wake. Lakini mwambie mtoto yaliyotendeka. Usimwambie "wale watu ndivyo walivyo". Shuleni mtoto wa Kibembe na mtoto wa Kinyamulenge wanakaa meza moja wakati wa chakula, kwa sababu ndio pekee wanaoelewana kwa Kiswahili. Nilimsikia mzee mmoja kwenye sherehe akimkataza mjukuu urafiki wa namna hiyo. Mtoto alimuuliza, "Kwani yeye alifanya nini?" Mzee hakuwa na jibu, nami niliyekuwa karibu sikumsaidia mtoto. Bado najilaumu.

Ukiona unaposimulia mikono inatetemeka na usiku hulali, simama. Mwambie daktari wako, kupitia mkalimani. Kuna watu waliosomea kutibu hilo, na kutibiwa hakumaanishi umerukwa na akili.

Hatua ya 6: Rudisha lubunga, lakini ibadilishe

Babembe tulikuwa na lubunga, mahali wazee walipokaa kumaliza mashauri; makabila mengine yana mabaraza yao. Hapa tumeirudisha vibaya: wanaume kumi na wawili sebuleni, kijana mmoja kwenye stuli, saa nne za kumsema. Anatoka humo akiwa ameshaamua kuhama mji.

Kwetu tuliibadilisha hivi. Watu wasizidi watano, na angalau wawili wawe wanawake. Mmoja kati ya watano anachaguliwa na kijana mwenyewe, na huyo kazi yake ni kumtetea. Kijana anaongea kwanza, kabla ya mashtaka, kwa lugha anayoiweza. Akitumia Kiingereza, mtu mzima anatafsiri, wala si mdogo wake. Muda ni saa moja na nusu, kisha chakula kinaletwa na shauri halitajwi tena siku hiyo. Hakuna anayerekodi, na hakuna neno linaloingia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Mambo mengi tuliyoyapatanisha yaliharibika kwa hili la mwisho.

Shauri lililonifundisha lilikuwa la kijana wa miaka 18. Alitaka kuacha shule akapakie mizigo kwenye ghala, zamu ya usiku. Baba yake alishasema ni mvivu wa kusoma. Alipopewa nafasi ya kuanza yeye, alitoa simu akatuonyesha ujumbe: shangazi, binamu, mke wa mjomba, wote wako Nyarugusu, wote wanaomba fedha, na wote walikuwa wanamwandikia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa anajibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Baba yake alilia. Tulikubaliana watu wazima wanne tuchange kila mwezi na ujumbe uelekezwe kwetu, na yeye afanye kazi Jumamosi na likizo ndefu. Alimaliza shule.

Kuhusu fimbo: usimpige. Alama ya fimbo ikionekana shuleni, mwalimu anawajibika kisheria kutoa taarifa, na watu wa ustawi wa watoto watakuja mlangoni. Wazazi wengine wamekata tamaa, wanasema "basi, Marekani imetunyima watoto", wakaacha kulea kabisa. Kati ya kupiga na kuacha pana kazi nyingi. Mnyang'anye simu kwa siku, mnyime funguo za gari, mfanye apike kwa wiki, kaa naye kimya mpaka aseme. Bibi ana silaha moja ambayo mzazi hana: mtoto akigombana na mama yake anakimbilia kwako. Mpokee, mlishe, kisha mrudishe wewe mwenyewe kwa mkono. Ukimficha, umemvunja mama yake.

Yapo mambo ambayo hayaji kwenye kikao hata siku moja. Mtoto aliyeguswa vibaya, msichana aliyebakwa, mke anayepigwa: hayo ni 911, simu ya dharura, na hospitali. Huko nyuma tumeyamaliza kwa faini ya mbuzi na soda, na wasichana wakabaki wanamwona mtu huyo kanisani kila Jumapili. Isirudiwe. Kijana akisema anataka kufa, usimwambie ni shetani ukaishia kwenye maombi. Omba naye, na upige 988, simu ya msaada kwa anayefikiria kujiua, usiku au mchana, useme "Swahili". Kama ameshika kitu cha kujidhuru, ni 911 papo hapo.

Hatua ya 7: Wafundishe kwa mikono

Hapa sina maneno mengi. Miji mingi ina bustani za jumuiya. Uliza shirika lililowapokea au kanisa la jirani. Panda lengalenga na matembele, maana vinaota upesi kiangazi cha hapa. Mwite kijana abebe maji, umwonyeshe jinsi ya kuchuma bila kung'oa. Anayejua cherehani, afungue darasa la mabinti wanne, wasizidi. Anayejua ngoma, awape vijana wa kwaya. Vijana husema mengi mikono ikiwa na kazi na macho yako hayapo usoni mwao.

Hatua ya 8: Waliobaki

Tangu Januari 2025 Marekani ilipousimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, nyumba nyingi zimebaki nusu. Baba yuko hapa, mtoto mkubwa yuko kambini na kesi yake imesimama. Vijana wetu wanabeba hatia ya kula wakati wenzao mgao umepunguzwa. Wasiachiwe simu hizo peke yao.

Chagueni watu wazima wawili wa ukoo wa kushika mawasiliano ya fedha. Watangazie ndugu wote, kwa sauti ya mzee, kwamba kijana aliye shuleni haombwi. Panga kiasi na tarehe, hata kikiwa kidogo, kisibadilike kila wiki. Halafu mwachie kijana sehemu njema ya simu: salamu, picha za kuhitimu, kumuuliza nyanya aliyebaki jina la ua fulani au mistari ya wimbo. Jumapili, baada ya ibada, sisi tunawapigia watu wa kule simu moja kwa wote. Kule ni jioni, giza limeshaingia, unasikia kuku na watoto. Yule mjukuu wangu wa hospitali, ambaye sasa ni msichana mkubwa, ndiye anayeshika simu. Hamtafsirii mtu. Anaongea ya kwake.